Saluni ya Leipzig iliyonipa komo

Niseme mapema, mapokezi yao safi. Koti linapokelewa mlangoni, kahawa unaletewa, kiti kinazunguka bila kelele. Wangeishia hapo ningewapa nyota tano.

Ukutani wametundika Meisterbrief, kile cheti cha fundi mkuu, kwenye fremu ya dhahabu. Ujerumani kwa kawaida hufungui saluni bila kuwa na mwenye cheti hicho, na watu wanakisotea kweli. Sasa naomba mtu aniambie, katika masomo yote hayo, nywele za kipilipili wanazisoma lini? Maana yule mama alinipulizia maji kichwani, akachomeka kitana chenye meno membamba kama cha kutolea chawa, akavuta. Jino likakatika, likabaki humo humo. Akalichomoa kwa vidole viwili, halafu akaniangalia mimi. Si kitana, mimi!

Nikamwambia weka chini hicho, chukua mashine, namba mbili kote, kisha unichonge mbele. Namba mbili akapatia, sina neno. Kuchonga ndiko alikonimaliza. Kaanza kulia, ikapanda. Akasawazisha kushoto, ikapanda zaidi. Akarudi tena kulia. Kila nikisema basi, ananiambia bado kidogo, na mstari unazidi kuhamia utosini. Alipomaliza akaleta kioo kwa madaha, anionyeshe kisogo. Kisogo, mama? Huku mbele nina komo ambalo sikuzaliwa nalo!

Kinyozi wangu wa Mbagala hana cheti cha chochote, amejifunzia kwenye vichwa vya wadogo zake, na hajawahi kunichonga bila kuinama kwanza mpaka macho yake yawe usawa wa paji langu.

Na ilikuwa Jumamosi mchana. Jumapili huku kumefungwa, Jumatatu saluni nyingi nazo zinapumzika. Nikaingia kazini na kofia ya sufu, ndani, hita inawaka, watu wananiuliza kama naumwa. Aliyeniokoa baadaye ni kijana mmoja Msyria kule Eisenbahnstraße: hakuna miadi, nusu ya bei, akaniondolea zote huku anacheka. Wenye nywele kama zangu nendeni huko moja kwa moja.

Lakini nisiwaonee. Walivyoniosha kichwa, jamani! Maji ya vuguvugu, vidole vinapita taratibu nyuma ya masikio, kidogo nisinzie. Kwa kuoshwa tu ningerudi hata kesho. Nawapa nyota tatu, bila kinyongo.

Ila sasa hivi ndiyo nimetoa risiti niwaandikie bei, nakuta kukata peke yake, kuosha peke yake, na chini kabisa: kukausha kwa mashine. Kukausha nini? Namba mbili, ambayo ilishakauka yenyewe kabla sijafika kaunta! Nyota moja, na hiyo ni ya kahawa.