Nyumba ya likizo nje ya Kisumu na Nakuru: chimba shimo kwanza, ziwa utalitazama baadaye

Lalamiko ni lilelile kila baada ya masika. Familia imenunua nyumba ya likizo mwezi wa Januari, nyasi zimekauka, ziwa linametameta, bei ni ya "ofa". Mei wanakuja na watoto, choo kinakataa kuteremsha maji. Wanaita lori la kunyonya maji taka, linanyonya, linalipwa, linaondoka. Kufikia asubuhi shimo limejaa tena, na hakuna aliyelitumia usiku kucha. Limejaa kutoka chini.

Hilo ndilo jambo ambalo madalali hawaligusi, na ndilo nililolitumia kupanga orodha hii ya maeneo, kuanzia bora hadi baya. Mandhari, ulinzi, umbali kutoka lami, hayo utayaona mwenyewe na wala huhitaji mwongozo. Maji yaliyo chini ya ardhi huyaoni mpaka uchimbe.

Maziwa yetu hayatulii mahali pamoja. Nakuru na Elementaita hayana mto unaotoka. Yanayoingia yakizidi yale yanayokaushwa na jua, ziwa linapanda. Ndivyo ilivyokuwa Bonde la Ufa tangu mwaka 2010 hivi: lango kuu la zamani la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru lilifunikwa na maji, na mtaa wa Kihoto kule Naivasha ukaingiliwa hadi watu wakahama. Victoria angalau lina Nile ya kulipunguza, lakini hata lenyewe lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na 2020 na 2024 likarudi kulekule juu. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda katika ploti zote tambarare zilizo nyuma yake, hata ile iliyo mita 300 kutoka ufuoni. Kwa hiyo usiulize ploti iko mbali kiasi gani na ziwa. Uliza iko juu yake kiasi gani.

Basi, shimo. Kabla ya kulipa asilimia 10 ya kwanza, omba ruhusa ya mwenye shamba na ulipe wachimbaji wawili. Wachimbe upande wa chini wa ploti, pale choo kitakapokaa, upana wa mita 1 na kina cha mita 3. Udongo ukiwa laini wapanue mdomo na washuke ngazi kwa ngazi, maana kuta za majivu ya volkano hubomoka bila onyo. Fanya hivyo mwishoni mwa Aprili au Mei. Shimo la Februari halikuambii kitu. Lifunike kwa mabati ili mvua isiingie, uweke miiba kuzuia ng'ombe na watoto, kisha uliache siku nzima.

Ukikuta maji, pima kutoka usawa wa ardhi hadi yalipo. Sakafu ya shimo la kunyonya maji machafu inapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu ya maji hayo. Yakiwa mita 3 chini, basi huwezi kushuka zaidi ya mita 1.5, na badala ya shimo refu utahitaji mtaro mrefu usio na kina. Yakiwa mita 1.5, achana na ploti hiyo.

Ukikuta pakavu, bado. Chimba kishimo cha sentimita 30 pale chini, kijaze maji, kiache kinywe, ukijaze tena, ndipo uanze kuhesabu. Baada ya nusu saa, maji yakiwa yameshuka sentimita 1 au pungufu, huo ni udongo wa mfinyanzi na hautanyonya kitu. Yakitoweka yote kwa dakika chache, choo kitafanya kazi vizuri mno: uchafu utasafiri hadi kisimani. Weka mita 30 kati ya choo na kisima chochote, chako au cha jirani.

Wauzaji wamepata jibu la haya yote, nalo ni "tutakuwekea baiodaijesta". Baiodaijesta, yaani tangi ambamo vijidudu huozesha kinyesi, ni nzuri, inapunguza uchafu mzito, lakini maji yake lazima yaende mahali fulani. Yanaenda kwenye udongo uleule.

Namba moja ni Maseno na miinuko inayoizunguka, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ardhi imeinuka mbali juu ya ziwa, udongo mwekundu unanyonya bila haraka, mvua inatosha kujaza matangi, na lami ya Kisumu kwenda Busia inapita hapo hapo. Ubaya ni mawe: sehemu nyingine, hasa ukishuka Seme kuelekea Kit Mikayi, jembe linagonga mwamba kabla ya mita 1, na hapo shimo lako litakuwa limekuokoa. Ubaya wa pili ni karatasi. Hati nyingi bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Mwanawe hawezi kukuuzia mpaka urithi upitie mahakamani na mgao uthibitishwe, hata kama chifu na ukoo mzima wamekubali. Tembea ploti yote pia, hadi nyuma ya ndizi. Kaburi lililosawazishwa huonekana kama tuta dogo lenye majani ya kijani kuliko mengine, na familia haitakubali lihamishwe baada ya wewe kulipa.

Subukia inafuata kwa karibu. Baridi, kijani, karibu na Nakuru, na mteremko unaoondoa maji wenyewe. Angalia tu ploti isikae mdomoni mwa korongo.

Ya tatu ni miinuko ya Gilgil inayolitazama Elementaita, juu ya barabara kuu, upande wa Kikopey (nyama choma ya pale ni hoja halali ya kununua). Shimo litatoka kavu. Tatizo ni maji ya kunywa: visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, na watoto wa mtunza nyumba, wanaoyanywa mwaka mzima, ndio wanaotoka na meno ya kahawia. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, huzidisha floridi. Vuna mvua: paa la mita za mraba 100 hutoa lita 80 hivi kwa kila milimita inayonyesha, kwa hiyo mvua moja ya milimita 30 ni lita 2,400. Tangi la lita 10,000 ndilo la kuanzia, na lita 5,000 ni kujidanganya.

Hapa Gilgil ndipo pia utakapokutana na basi la bure la Jumamosi la wauza ploti, hema na soda, na bei inayoisha "mwisho wa mwezi" kila mwezi. Fanya hesabu nao. Eka ni futi za mraba 43,560. Humo wanakata ploti nane za futi 50 kwa 100, yaani 40,000. Barabara ya futi 30 kati ya safu mbili za ploti nne inakula 6,000. Hazitoshi, kwa hiyo kila mnunuzi amepunjwa futi za mraba 300 hivi, au barabara haipo. Halafu pima: futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Utaweka wapi choo na kisima kwa mita 30, na jirani ana vyake? Nunua mbili zinazopakana au usinunue. Ikiwa ni shamba la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba ni batili. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani na 4 mjini, na dalali huwa "anasahau" kuutaja.

Rusinga na Mbita ni pazuri kuliko kote nilikotaja, ila kwa mlimani tu. Ufuoni, hapana. Kutoka Kisumu unaweza kukata safari kwa feri ya Luanda Kotieno inayovuka hadi Mbita, basi panga siku yako kwa ratiba yake.

Ufuo wa Naivasha ni wa mwisho kati ya wenye bei kubwa. Ardhi iliyo chini ya mstari wa maji wa 1906 ni ya ziwa, haijalishi umeizungushia nini. Usikubali kuoneshwa bikoni (alama za mpaka) tu. Mlete mpima ardhi wako akuonyeshe mstari huo.

Za bei nafuu: Ahero na uwanda wa Kano, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, haunyonyi kitu na huinua msingi. Kampi ya Samaki, kwenye ufuo wa Ziwa Baringo lililomeza hoteli kadhaa, nendeni mkalale katika zile zilizobaki.