Saba Saba Lushoto: makande, moto wa sebuleni na jiko tulilolikataa

Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia Jumatatu, nami baada ya wiki mbili za zamu za usiku nilikuwa na siku tatu mkononi. Nikampigia shoga yangu Mwanahamisi, nikamwambia twende Lushoto tukalale kwenye baridi. Amezaliwa Tanga mjini, hajawahi kulala mahali asipohitaji feni. Akaniuliza kama avae soksi.

Tumekaa usiku mbili kwenye nyumba ya wageni upande wa Magamba, mwendo wa bodaboda wa dakika 15 hivi kutoka stendi ya Lushoto. Ina vyumba sita, bustani ya mbele ina maua na kabichi pamoja, na mwenyewe ni mama mtu mzima anayeishi hapo hapo na wajukuu. Jina silitaji, kwa sababu kuna jambo moja nitalisema hapa ambalo nimeshamwambia yeye mwenyewe ana kwa ana, na sitaki lije kumharibia riziki. Lakini lazima niliseme, maana naamini nyumba nyingi za milimani zinalifanya hivyo hivyo.

Safari yenyewe ni nzuri mno. Kutoka Tanga unapita Segera na Korogwe mpaka Mombo, pale joto bado ni lile lile la kwetu, halafu gari linaacha barabara kuu na kuanza kukwea. Kilomita 33 hivi za kona tupu. Tulipopita maporomoko ya Soni abiria walianza kufunga madirisha mmoja mmoja, na Mwanahamisi akajitanda kanga zote mbili. Stendi alinunua sweta la mtumba la shilingi 5,000 kabla hata hajashusha begi.

Chumba cha vitanda viwili ni shilingi 60,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani yake. Kwa bei hiyo sina neno. Sakafu ya mbao imepigwa nta, choo kinang'aa, kila kitanda kina mablanketi mawili mazito ya manyoya. Maji ya moto ndiyo yaliyotuangusha. Tuliambiwa kwenye simu yapo saa 24, kumbe hita ni ya jua, iko juu ya paa, na jua lenyewe Julai huku linaweza kufichwa na ukungu siku nzima. Bombani yalitoka maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili, kisha baridi ya kukata mifupa. Mjukuu mmoja wa kiume alituletea ndoo mbili za maji yaliyochemshwa kwa kuni, yananukia moshi kidogo, na tukaoga vizuri. Wangesema tangu mwanzo kwamba maji huja kwa ndoo, tungekubali bila manung'uniko.

Chakula ni cha kusifiwa. Jioni ya kwanza walipika makande, mahindi ya kukobolewa na maharage, yamekaa jikoni tangu mchana mpaka yakawa laini kabisa, na karoti za bustanini ndani yake. Shilingi 8,000 kwa sahani na unaongezewa. Tulilia sebuleni mbele ya moto, kwa sababu nyumba ile ina mahali pa kuotea moto penye dohani, jiwe kwa jiwe, na dohani inavuta sawasawa. Chai yao ni ya majani ya Usambara, maziwa mengi, tangawizi ya kusaga. Mwanahamisi alikunywa vikombe vinne.

Sasa hilo jambo. Saa tatu usiku tukaaga tukalale. Simu yangu ilisema nje ni nyuzi 10. Nilipoingiza mkono kitandani, shuka zilikuwa na unyevu. Hazikuwa chafu, zilikuwa safi na zilinukia sabuni, ila msimu ule nguo zinaanikwa siku tatu na bado hazikauki. Nikatoka kumwambia mama. Akasikitika kweli, akasema, "Poleni wanangu, nawaletea moto." Baada ya dakika kumi binti akabisha hodi amebeba jiko la mkaa kwa vitambaa, makaa yamekolea mekundu, hakuna hata uzi wa moshi. Akataka kuliweka katikati ya vitanda, afunge mlango joto lisitoke.

Nilisimama mlangoni nikamzuia. Mwanahamisi alikuwa anatetemeka, akaniambia, "Shoga, liache hata nusu saa." Nikakataa.

Mimi ni muuguzi. Wodini nimempokea mtu aliyelala na jiko usiku wa mvua, akaletwa alfajiri hajitambui. Mwenzake waliyelala naye hakufikishwa kwetu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapouamini. Bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Ukiivuta inakamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, unadhani ni uchovu wa safari, unalala. Chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ndicho kibaya kuliko vyote. Moto wa sebuleni una dohani ya kuutolea hewa yake nje, jiko la chumbani halina.

Mama alikuja mwenyewe. Nilimwamkia tena, nikamweleza taratibu, maana ni mkubwa kwangu na alichofanya alikifanya kwa huruma. Alisema wageni wengi huomba wenyewe jiko, na kwamba mama yake alilala nalo miaka yote. Nikamuuliza nyumba ya mama yake ilikuwa ya namna gani. Akafikiri, akasema ya miti na udongo, upepo ulipita chini ya paa. Nikamwambia, hizi zako umeziba vizuri, zina dari na vioo. Alinyamaza, akamwita binti, wakalitoa.

Usiku ule tulilala kitanda kimoja na mablanketi manne, soksi miguuni.

Jumapili tulitembea mpaka Irente. Ukungu ulipasuka kama saa tano, na tukaiona Mazinde iko chini kabisa, mashamba ya mkonge yamekaa mistari, barabara ya kwenda Same imekuwa uzi, na baada ya hapo tambarare mpaka macho yanachoka. Mwanahamisi alikaa kwenye jiwe hakusema kitu kwa muda mrefu, na yeye si mtu wa kunyamaza. Njiani kurudi tulinunua mkate na jibini Irente Farm, shamba la kanisa la Kilutheri. Nendeni na njaa.

Tuliporudi jioni, mama alikuwa barazani na meza, blanketi limetandikwa juu yake, anapiga shuka zetu pasi. Pasi ya mkaa, ile ya zamani yenye jogoo mbele. Alikuwa anapita polepole mpaka mvuke unatoka kwenye kitambaa, anageuza, anapita tena. Kila shuka alipomaliza aliikunja akampa mjukuu aikimbize kitandani ikiwa bado ya moto, na blanketi juu yake. Nilipoingia ndani ya shuka zile nilisikia joto mpaka kwenye nyayo. Mwanahamisi alilala kabla sijazima taa.

Ukipiga simu kuweka nafasi popote Lushoto, Juni mpaka Agosti, uliza maji ya moto yanatoka wapi, na waombe shuka zipigwe pasi siku unayofika. Jiko la mkaa wakikuletea chumbani, kataa hata kama mwenzako ananuna.

Asubuhi ya Jumatatu lile jiko lilikuwa barazani, birika juu yake, na mama akatuita tuje tuote mikono kabla ya bodaboda kufika.