Pampu ya petroli kwa gari la kabureta: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujatoa hela, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli na oili imepanda kuvuka alama ya juu, huenda diaframu, yaani utando ndani ya pampu unaosukuma petroli, imechanika na petroli inashuka ndani ya injini. Gari hilo usiliwashe tena, hata kwa safari ya kwenda dukani. Oili iliyozimuliwa na petroli haishiki vyuma, na bearing ndizo zinazolia kwanza.

Kama hakuna harufu, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, elekeza kwenye chupa mpira unaoingia kwenye kabureta, kisha piga starta. Petroli ikiruka kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima. Tafuta ugonjwa kwingine. Ikidondoka kinyonge, angalia kwanza filta na mpira unaotoka kwenye tanki. Ufa mdogo hapo unavuta hewa, na pampu nyingi nzuri zimetupwa kwa kosa la mpira.

Chaguo langu la kwanza ni pampu mpya inayosukumwa na kamshafti (mhimili wa injini unaofungua vali), ya namba ileile ya injini yako. Nyingi za aina hii hutoa presha ya psi 3 hadi 6 hivi, na kabureta haihitaji zaidi. Usikubali kuambiwa "hii inaingia". Matundu mawili ya bolti kulingana si ushahidi. Ilaze mezani pamoja na ile kuukuu, ubavu kwa ubavu, uangalie ncha ya mkono wake, pale palipong'arishwa na kamshafti. Mkono ukiwa mfupi kwa milimita chache, petroli itapungua mlimani. Ukiwa mrefu, utagandamizwa mpaka uvunjike. Hesabu na mirija: ikiwa ya zamani ilikuwa na mitatu, wa tatu unarudisha petroli na mvuke kwenye tanki. Ukinunua ya miwili ukaziba njia hiyo, gari linaweza kukusumbua injini ikishapata moto. Kile kipande kinene kinachokaa kati ya pampu na injini nacho kina kazi: kinazuia joto na kupanga umbali wa mkono. Nunua cha unene uleule.

Ya pili ni kit, yaani seti ya diaframu na vipande vidogo vya kufufua pampu yako mwenyewe, na kwa gari la zamani ambalo spea zake zimeadimika naipenda kuliko zote. Inafaa pampu iliyofungwa kwa skrubu tu. Iliyokunjwa ukingo kiwandani haifunguki. Chukua diaframu inayohimili petroli yenye ethanoli. Kabla ya kufungua, kwaruza mstari mmoja unaopita vipande vyote viwili, ili mirija irudi ilipokuwa. Lakini pini ya mkono ikiwa inacheza, kit haitakusaidia.

Ya tatu ni pampu ya umeme ya presha ndogo. Inajaza kabureta haraka kwa gari linalolala wiki nzima. Hapa ndipo watu wanapochoma magari: wanachukua ya injini ya injeksheni, ambayo mara nyingi inasukuma psi 40 au zaidi. Sindano inayofunga petroli kwenye kabureta haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli inafurika juu ya injini ya moto. Ifunge karibu na tanki, kwa kuwa inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Weka fyuzi, rilei, na swichi ya presha ya oili itakayoikata pampu pale injini inapozimika, maana baada ya ajali pampu isiyokatwa inaendelea kumwaga. Ile ya zamani ing'oe, tundu lake ulizibe kwa bamba na gasketi. Usipitishe petroli ndani yake.

Iliyotumika nainunua kwa ajili ya bodi yake tu, ili niitie kit. Diaframu iliyokauka kwenye rafu haiaminiki. Na pampu mpya isiyo na namba wala presha iliyoandikwa, rudisha.

Siku ya kufunga, zungusha injini mpaka mkono wa pampu uwe huru, kaza bolti zote mbili kwa zamu, kisha washa na uchungulie viungo vyote kwa tochi. Kama oili ilinuka petroli, ibadilishe yote pamoja na filta yake kabla hujawasha.