TAHADHARI: Anaziba sanruf zinazovuja kwa silikoni, kisha anakuuzia raba "orijino" ya kukatwa kwa mita

Ndugu zangu wenye magari yenye sanruf, yaani kioo cha paa kinachofunguka, hasa haya ya zamani kidogo tuliyoagiza Japani, Forester, X-Trail, Harrier na mengineyo, pamoja na yale ya Ulaya: kuna mtu hapa Dar es Salaam anatangaza mtandaoni kwamba anatengeneza sanruf zinazovuja siku hiyo hiyo, tena kwa garantii ya mwaka mzima. Msimpe gari, na msimtumie hata senti ya kianzio. Jina lake siliandiki kwa sababu anabadilisha majina na namba za simu, na leo wapo wanaomwiga. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili hata akija kwa jina lingine umtambue kwa matendo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Sanruf si kazi yangu, ila magari yaliyopita mikononi mwake yananiangukia mimi mwishoni. Mteja anakuja analalamika taa ya eabegi haizimi, au vioo vya milango vimegoma, au loki zinajifunga na kujifungua zenyewe usiku gari likiwa limeegeshwa. Nikiinua kapeti nakuta maji yametuama na sponji imeoza inanuka. Nikitazama juu, nakuta mstari mweusi wa silikoni umezunguka kioo cha sanruf.

Anaanza hivi. Anakufuata nyumbani au kazini, mpole, mwenye heshima, shikamoo nyingi kwa wazee. Anamwaga maji juu ya paa, tone linachungulia kwenye taa ya ndani, naye anasema, "Bosi, unaona mwenyewe, raba imekufa." Anapaka silikoni kuzunguka kioo, anaiacha ishike kidogo, anamwaga maji tena. Hakuna tone. Umeona kwa macho yako, unalipa 80,000, risiti huna.

Mvua kubwa ya kwanza inarudisha maji. Ukimpigia anapokea vizuri tu, anasema silikoni ilikuwa ya kujishikiza, dawa yenyewe ni raba orijino kutoka Japani, 350,000, nusu itangulie. Raba anayoleta nimeishika mwenyewe: ni ile inayouzwa kwa mita, ameikata na kuunga ncha kwa gundi. Inavuja vilevile. Hapo ndipo anatoa neno la tatu, kwamba fremu yote ya sanruf imepinda na inatakiwa nyingine, shilingi milioni moja na laki mbili. Mama mmoja mwenye Forester alilipa hiyo pesa. Akaambiwa mzigo uko njiani, halafu mzigo umekwama bandarini, halafu simu haipatikani. Mama wa watu analitegemea gari hilo kupeleka mzee wake kliniki. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Sasa sikilizeni, maana mkielewa jambo hili moja, huyu mtu hana cha kuwauzia. Raba ya sanruf haikutengenezwa kuzuia maji yote. Inapunguza upepo na kelele na inazuia maji mengi, lakini mvua ikinyesha yapo yanayopenya pembeni mwa kioo, na watengenezaji wanalijua hilo tangu mwanzo. Chini ya kioo kuna fremu yenye mfereji kuzunguka pande zote, kama mfereji wa bati la nyumba. Kwenye kona za mfereji huo kuna matundu, kwa kawaida manne, na kila tundu lina kipaipu chembamba cha mpira. Vya mbele vinashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Vya nyuma vinashuka ndani ya nguzo za nyuma na kutokea karibu na tairi au chini ya bampa. Maji yanaingia, yanashuka, yanamwagika barabarani, na wewe uliyekaa ndani hujui kama kuna kitu kimepita.

Gari likizeeka, vipaipu vinaziba. Mji wetu una vumbi kuanzia Juni mpaka vuli ianze, na wengi tunaegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Vile vijani vyake na maua yake vinaingia kwenye mfereji, vinachanganyika na vumbi, mvua ya kwanza inageuza vyote tope. Tundu likiziba, mfereji unajaa, maji yanafurika upande wa ndani, siling inaloa. Tatizo halikuwa raba. Karibu kila sanruf iliyoletwa kwangu ikiwa inavuja, raba ilikuwa nzima, vipaipu ndivyo vilivyoziba au vimechomoka.

Silikoni inaficha tatizo mpaka umalize kulipa, kisha inaongeza lingine. Haishiki vizuri kwenye raba iliyochakaa na paa linalopigwa na jua la Dar kutwa nzima. Inaachia sehemu moja ndogo, na maji yanayopita hapo yanakuta mfereji ule ule ulioziba. Aina ya bei rahisi, ile inayonuka kama siki, inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula bati. Na mtoto akibonyeza swichi ya kufungua, mota inavuta kioo kilichogandishwa: fyuzi inaungua au meno ya gia yanakatika. Sasa una kazi mbili.

Ila kinachoniumiza zaidi ni maji yakishuka. Kipaipu kikichomoka ndani ya nguzo ya mbele, huoni tone juu. Maji yanateremka kimyakimya hadi miguuni. Kwenye magari mengi ya Kijapani boksi la fyuzi liko hapo hapo karibu na miguu, na nyaya nyingi zinapita chini ya kapeti kando ya milango. Soketi zinaota kutu ya kijani. Zile za njano ni za eabegi. Gari lenye kutu kwenye soketi za njano linawasha taa, na siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke. Watu wanaiziba ile taa kwa kipande cha tepu nyeusi wanaendelea na safari ya Morogoro na familia nzima ndani. Jamani, msifanye hivyo.

Kabla hujampa mtu yeyote pesa, jipimie mwenyewe. Fungua sanruf, tafuta tundu kwenye kona ya mfereji, mimina maji nusu kikombe polepole, na mtu mwingine achungulie chini ya gari upande huo. Yakitoka karibu na tairi baada ya muda mfupi, kona hiyo ni nzima, nenda nyingine. Yakisimama kwenye mfereji, kipaipu kimeziba. Yakizama lakini chini hayatoki, acha kumimina, kipaipu kimechomoka au kimepasuka ndani. Na kama kapeti la mbele linaloa hata wakati wa kiangazi, ukiwa umewasha AC, hiyo si sanruf. Ni paipu ya kutolea maji ya AC.

Kuzibua ni kazi ya mshipi. Nunua mshipi mnene wa kuvulia samaki, ule wa nailoni, au uzi wa mashine ya kukatia majani, uviringe ncha kwa moto isiwe kali, upitishe taratibu kutoka juu, kisha mimina maji ya uvuguvugu. Usitumie waya, unatoboa kipaipu. Na usikubali mtu wa kujaza upepo apulize kompresa yake kwa nguvu zote, kwa sababu kipaipu kinang'oka kwenye shingo yake na hutajua mpaka kapeti linuke. Kama kimeshachomoka, siling lazima ishuke kidogo. Hapo tafuta fundi anayejua kwamba magari mengine yana eabegi za pembeni juu ya milango, na ambaye atachomoa betri kwanza bila kuambiwa.

Raba nayo hufa kweli wakati mwingine. Inapasuka, inakakamaa, inajikunja. Basi inunuliwe kwa namba ya spea inayolingana na chesisi ya gari lako, au ichukuliwe Gerezani, kule kwenye maduka ya spea hapa Dar, ikiwa pamoja na kioo chake kutoka gari la aina hiyo hiyo. Nyingi za orijino huja kama duara kamili lililofungwa kiwandani. Akikufungulia mkoba na kutoa raba iliyoviringishwa kama kamba, msindikize mlangoni aende zake.

Sisemi kila fundi mwenye bomba la silikoni ni tapeli. Wapo vijana waaminifu wanaopaka kwa sababu ndivyo walivyofundishwa gereji, na ukiwaelekeza wanashukuru. Ninayemsema anajua. Nimekuta gari ambalo matundu yenyewe ya mfereji alikuwa ameyajaza silikoni, kazi ambayo haifanyiki kwa bahati mbaya, maana yeye anahitaji gari livuje ili arudi na raba.

Wanaonunua magari mkononi nao waangalie mstari mweusi kuzunguka kioo, na kapeti jipya kwenye gari kuukuu. Lazimisha sanruf ifunguliwe mbele yako.

Kama umeshamlipa, usifute meseji wala muamala wa simu. Piga picha raba aliyokuletea na silikoni aliyopaka, nenda kituo cha polisi utoe taarifa na uchukue RB, namba ya taarifa yako. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai kwa Kanuni ya Adhabu, hata kama kiasi ni kidogo. Mkienda wawili watatu wenye miamala ya namba moja ni vizuri zaidi, kwa hiyo aliyeguswa aniandikie pembeni niwakutanishe. Gari lenyewe usilifungulie swichi ya sanruf. Silikoni itolewe kwanza kwa kipande cha plastiki kilichochongwa, si bisibisi, kisha mfereji usafishwe, matundu yazibuliwe, ndipo upime kwa kikombe. Kapeti litoke nje kabisa pamoja na sponji yake likauke juani, kwa sababu ukilikausha juu tu, chini linabaki na maji, na soketi zinaendelea kuliwa.