Panetar yangu, sherwani yake: uzoefu wangu wa kushonesha nguo za harusi Ahmedabad

Tulioana Februari 2025 Dar es Salaam. Mimi ni mtoto wa Upanga, mume wangu ni wa Mombasa, na sote ni Walohana, jamii ya Wahindu wenye asili ya Gujarat, kwa hiyo harusi ilikwenda Kigujarati mwanzo hadi mwisho. Nguo zetu tulishonesha Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat, India, kwenye duka moja la Ratan Pol, mtaa wa maduka ya nguo, linalowavalisha bibi harusi na bwana harusi kwa pamoja. Wanakaa nanyi, wanachora, wanatia rangi vitambaa, wanadarizi, wanashona. Tangu picha zitoke nimeulizwa mara nyingi kazi yao ikoje. Naeleza yote hapa, pamoja na lile lililoniliza.

Kuna jambo moja la kuelewana kwanza. Sisi watu wa pwani tukisikia nguo ziendane, akili inakimbilia sare: kitambaa kimoja, rangi moja, wote tunang'aa. Harusi ya Kigujarati haiko hivyo. Bibi harusi hajichagulii kila kitu. Panetar, ile sari nyeupe yenye pindo jekundu, inatoka kwa mjomba, kaka yake mama. (Kwa Kigujarati mjomba anaitwa "mama", na rafiki zangu Waswahili hawajawahi kulizoea hilo.) Gharchola, nyekundu yenye miraba ya uzi wa dhahabu, inatoka kwa mama mkwe. Yaani nyumba mbili zinakuvika kabla wewe hujafungua mdomo. Kwa hiyo anayetafutiwa rangi ni bwana harusi. Nimeona maharusi wakianza na sherwani, lile koti refu la bwana harusi, kwa sababu wameipenda kwenye simu, halafu wanahangaika kuilazimisha panetar ikubaliane nayo. Haikubali, maana weupe wake na wekundu wake vimeshapangwa.

Duka hili lilinipata hapo hapo. Nilipoingia na mama yangu na mama mkwe, nilikuwa nimeshika simu yenye picha zaidi ya 100. Mwenye duka, mzee wa makamo, alizitazama mbili tatu kwa adabu, kisha akaniuliza, "Panetar mmekuja nayo?" Tulikuwa nayo. Mjomba wangu aliileta kutoka Jamnagar, mji mwingine wa Gujarat, nami nilisafiri nayo mkononi. Aliichukua, akatoka nayo hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua, akaufunua upindo, akaanza kuweka juu yake vipande vya hariri nyeupe, kimoja kimoja. Vilikuwa tisa. Sikuwahi kujua kwamba weupe una sura tisa. Panetar yangu ni ya hariri ya gajji, laini yenye mng'ao kama satini, na weupe wake una umanjano kidogo. Alipoweka kipande cheupe pe, panetar ikaonekana kama imevaliwa na bibi yangu miaka 40. Alipoweka cha rangi ya krimu ya kawaida, kile kipande ndicho kikawa kichafu. Cha saba kilikaa. Ni weupe wa tui zito la kwanza, lile unalokamua kabla ya kuongeza maji. Mama mkwe akasema "hicho" kabla yangu.

Sherwani ikashonwa kwa weupe huo, hariri mbichi, na nakshi za uzi wa rangi hiyohiyo ambazo huzioni mpaka usogee karibu. Wekundu tuliuweka sehemu mbili tu: kilemba cha bandhani, kitambaa kinachofungwa vifundo kabla ya kutiwa rangi, na mstari mwembamba wa uzi kwenye kola. Kilemba kilitiwa rangi kwa kufuata pindo la panetar. Hapo tulitumia kitambaa cha blauzi, maana sari huja na kipande cha blauzi mwishoni. Mafundi walikata humo mraba wa sentimita 5 ukaenda kwa watia rangi. Siku ya harusi tuliposimama pande mbili za antarpat, lile shuka wanaloshika katikati ili tusionane, watu waliona upande mmoja wekundu wa kilemba na upande mwingine wekundu wa pindo. Shuka liliposhushwa, shangazi yangu aliyekuwa mbele kabisa alisema kwa sauti, "Wamekatwa gora moja!" Kwa hili peke yake ningewapa nyota zote.

Nieleze na gharchola, maana niliona kwa macho kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu. Bandhani halisi unaweza kuuziwa ikiwa bado imefungwa. Kitambaa kinaletwa kimejikunja, kimejaa vifundo vidogo kuliko punje ya mtama, kila kifundo kimezungushiwa uzi kwa ukucha. Ukikishika kinakwaruza kiganja. Vijana wawili wa duka walishika ncha mbili wakavuta mshazari kwa nguvu, na nyuzi zikaanza kukatika mfululizo, sauti kama mvua ya kwanza kwenye bati, na kila kifundo kikafunguka kikaacha nukta nyeupe. Ndani ya dakika chache mbele yetu kulikuwa na gharchola nzima, nyekundu, miraba 52, yenyewe wanaiita bavan bagh. Ipo pia ya miraba 12, lakini mama mkwe hakutaka hata kuisikia. Alilia pale dukani. Mimi nilikumbuka kanga za kisutu anazozifunga jirani yetu wa Upanga kila akiozesha: nyekundu, nyeupe, nukta na miraba.

Sasa mipango ya safari, ambayo sisi wenyewe tuliikosea. Tulitua Ahmedabad tarehe 2 Novemba 2024, siku yenyewe ya Bestu Varas, mwaka mpya wa Kigujarati. Mama alidhani Diwali ikishapita maduka yamefunguliwa. Wafanyabiashara wa Gujarat hufunga baada ya Diwali mpaka Labh Pancham, siku ya tano, ndipo wanafungua vitabu vipya na biashara inaanza. Siku nne tulizunguka mji wa kale bure, milango imeteremshwa, tunakula Manek Chowk, uwanja wa vyakula vya usiku, na kurudi kulala. Mji ni mzuri, lakini hizo zilikuwa siku nne za hoteli. Mkienda, hesabuni Labh Pancham kwanza, tiketi baadaye. Upande wa huku pia kuna Kamurta, kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari 14, ambapo harusi hazifungwi. Ndiyo maana nyingi zinarundikana mwisho wa Januari na Februari, na mafundi wa kule wanalemewa wakati uleule.

Februari Dar ni joto la kukata pumzi. Hili ilibidi tuling'ang'anie, maana duka lilitaka kumvika mume wangu bitana ya satini ya plastiki, kama wanavyowafanyia maharusi wao wa Desemba wanaooa kwenye baridi. Tukasema pamba. Wakasema itakunjamana. Tukasema ikunjamane. Walishona pamba, na haikukunjamana hata hivyo. Mume wangu alikaa mbele ya moto wa mandap, kile kibanda cha kufungia ndoa, saa nzima na zaidi na hakuomba hata leso.

Pithi na hina sina mengi. Pithi ni kupakwa manjano kabla ya harusi, na manjano hayatoki, kwa hiyo tulivaa pamba za bei ndogo za njano na tukazitupa. Kwa usiku wa garba, ngoma ya Kigujarati ya kuzunguka, tulinunua vilivyokwisha shonwa huko sokoni Rani no Hajiro, dakika chache kutoka Ratan Pol kwa miguu: chaniya choli yangu (sketi pana na blauzi) nyeusi yenye vioo, na kediyu ya mume wangu, shati fupi lenye marinda, zote kutoka kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na kitambaa kimoja cha viraka. Angalizo moja tu, chaniya isiguse sakafu. Mimi yangu nilipunguza vidole vitatu, nikacheza mpaka saa nane usiku bila kujikanyaga.

Lililoniliza ni nguo za mapokezi, ile hafla ya usiku wa mwisho. Huko hakuna mjomba wala mama mkwe anayepanga, mnajichagulia. Tulichagua damu ya mzee. Lehenga yangu, sketi pana ya sherehe, ya jojeti yenye nakshi za zardozi, yaani za nyuzi za madini, na achkan yake ya mahameli, koti la kubana mwili. Karatasi ya oda iliandikwa rangi moja, namba moja. Mzigo ulikuja na binamu yangu katikati ya Januari, mabegi mawili ya kilo 23, na lehenga peke yake ilikuwa kilo 9. Nilifungua begi usiku, chini ya taa nyeupe ya sebuleni, na moyo ukaanguka. Lehenga ilikuwa damu ya mzee kweli. Mahameli yalikuwa yamekaribia zambarau. Asubuhi nikazipeleka kibarazani, tofauti ikapungua. Usiku ikarudi.

Nilizibeba zote mbili mpaka kwa fundi wangu Kariakoo. Alizitandika juu ya meza, akazisogeza mlangoni, akazirudisha ndani chini ya taa, kimya. Kisha akasema, "Dada, hii ni damu ya mzee, na hii nayo ni damu ya mzee, ila ni wazee wawili." Akanieleza kwamba mahameli yana manyoya, yanameza mwanga, na jojeti inaupitisha. Hata ukizitia kwenye sufuria moja ya rangi hazitoki sawa, na taa ya umeme ndiyo inayozisema. Niliumia zaidi kwa sababu watu wa duka wanalijua hili kuliko mimi. Waliokuwa na uangalifu wa kuweka vipande tisa vya weupe juani hawakuweka hivi viwili pamoja hata mara moja chini ya taa, na nguo ilikuwa ya ukumbini usiku.

Kilichotuokoa ni kwamba mama aliwaomba tangu mwanzo watupe masalia ya vitambaa vyote. Tulikuwa na nusu mita ya jojeti ya lehenga. Fundi aliweka chini yake kitambaa cha pamba ili iwe nzito, akavisha kola ya achkan, akavisha vifungo vyote saba kimoja kimoja kwa mkono, na akakata kitambaa cha mfukoni. Hakuificha ile tofauti. Aliigawa, damu ya mzee ya lehenga ikapanda kifuani kwa mume wangu, na mahameli yakaonekana ni kivuli chake. Alinitoza shilingi 60,000 na siku tatu. Kwenye picha za ukumbini inaonekana tulikusudia hivyo.

Duka nililipigia siku ileile nilipofungua begi. Hawakubishana. Walitazama kwa video, wakakiri, wakaturudishia rupia 6,000. Nawaheshimu kwa hilo, lakini nyota moja inabaki kwangu.

Bei tulizolipa, kwa wanaotaka kupanga: sherwani rupia 31,000, achkan 24,000, lehenga 68,000, ambayo wakati ule ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi milioni mbili za Tanzania, kilemba na mtandio wa bwana harusi 7,500. Gharchola aliilipa mama mkwe na hajasema, wala sijauliza.

Huo mtandio wa bwana harusi nao msiuchukulie rahisi. Ndio unaofungwa fundo na nguo ya bibi harusi, tunaita chheda-chhedi, na fundo hilo linazunguka moto nanyi mara nne. Duka lilituwekea mzuri wa macho, wa wavu wa nailoni wenye vimetameta. Mama mkwe aliusugua kati ya vidole, akaurudisha mezani. "Mwanangu hazunguki moto na nailoni." Akataka hariri tupu. Wakaleta. Akaupima kwa mikono yake, pima moja na kidogo, akatikisa kichwa, akataka pima moja na nusu, maana mfupi unamvuta bibi harusi bega kila bwana harusi akitangulia hatua. Wakamshonea. Niliuona umuhimu wake kwenye mzunguko wa tatu, nilipokanyaga pindo nikasimama kidogo na yeye hajui, na kile kitambaa kikalegea tu katikati yetu kikaningoja.

Wifi yangu naye ameposwa, na anakwenda dukani kwao hukohuko baada ya Labh Pancham. Nimempa namba ya mzee mwenye duka na ujumbe wa kumfikishia: nguo za usiku azipime chini ya taa. Panetar mjomba wake ameshainunua. Ataibeba mkononi, haiingii kwenye begi la kupakia.