Bunduki ya Henry ya .45-70 kwenye misitu ya Ohio: misimu mitatu begani mwangu

Babu yangu kule Liwale alikuwa na gobore. Alilishindilia baruti kupitia mdomoni, akatia vipande vya chuma, kisha akajibanza nyuma ya kichuguu mpaka mnyama afike hatua thelathini. Aliye mbali zaidi ya hapo alimwacha aende zake. Nilipohamia Columbus, Ohio, nikamaliza darasa la uwindaji ambalo jimbo hili humtaka mwindaji mpya alipite kabla ya kupewa leseni, nilikuta misitu ya kusini-mashariki inanirudisha kwa babu: mialoni, vichaka vya miiba, mabonde membamba, na kulungu anakutokea hatua arobaini au hamsini, ghafla, kama mtu anayetoka nyuma ya pazia.

Nasema kulungu kwa kuwa ndilo jina tunalomwita sisi huku. Kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa, pembe zake ni za maisha. Huyu wa mkia mweupe, dume lake humdondoka pembe kila mwaka na kuota upya.

Ohio hairuhusu bunduki yoyote tu msimu wa kulungu. Tangu 2014 zinakubalika zile zinazotumia risasi ya ganda lililonyooka, lisilo na shingo, kipenyo kuanzia .357 hadi .50 ya inchi. Kwa hiyo .30-30, risasi maarufu kuliko zote za bunduki za wenzo, hapa haifai kwa kulungu, maana ganda lake lina shingo. Ndiyo sababu watu wengi huku wanarudi kwenye .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873. Ile 45 ni unene wa kichwa cha risasi kwa sehemu za mia za inchi, na ile 70 ni kipimo cha baruti nyeusi iliyotiwa zamani. Baruti nyeusi ileile ya babu.

Bunduki ya wenzo, kwa asiyeijua, ni ile yenye komeo kubwa chini ya kifyatulio. Unalisukuma chini, ganda tupu linaruka nje. Unalirudisha juu, risasi mpya inaingia. Ni nyembamba, haina kitu kinachochomoza pembeni, unaibeba kwa mkono mmoja katikati ya miti bila kunasa. Kwa msitu mzito sijaona umbo la bunduki linalonifaa zaidi.

Msimu wangu wa kwanza niliazima ya mwenzangu wa kazini. Sitasema ni ya kampuni gani, kwa kuwa kosa halikuwa la bunduki. Kosa lilianzia dukani. Muuzaji, na duka lake silitaji, alinipa sanduku la risasi kali kuliko zote rafuni, akaniambia hizi zinamwangusha dubu. Mimi sikuwa nawinda dubu. Nilizijaribu uwanja wa shabaha, risasi kumi tu, nikarudi nyumbani bega limevilia damu na, baya zaidi, jicho limejifunza kufumba kabla kidole hakijavuta. Siku ya pili ya msimu jike mmoja akasimama hatua hamsini, ubavu wote wazi. Nikafumba. Risasi ikampata nyuma sana ya mbavu. Nilifuata damu mpaka giza likaniziba, nikarudi alfajiri na mzee mwenye shamba, tukamkuta bondeni, koyote wameshamla nusu. Mnyama yule aliteseka usiku mzima kwa ajili yangu. Kila nitakachosema hapa chini kuhusu bunduki kimetoka bondeni pale.

Nilipoanza kutafuta yangu nilishika tatu. Winchester 1886 ni kazi ya John Browning, na sasa inatengenezwa Japani na Miroku. Ni nzuri mno kuitazama na wenzo wake unateleza kama siagi. Lakini ile niliyoishika ilikuwa ndefu na nzito kwa mtu wa kimo changu, na kitako chake ni cha chuma, kimepinda kama mwezi mwandamo. Chuma begani, kwa .45-70, hapana.

Ya pili ilikuwa Marlin 1895 Guide Gun. Hii ndiyo wengi watakuelekeza, na hawakosei. Ruger waliinunua Marlin mwaka 2020, na bunduki za kwanza za 1895 kutoka kwao zilitoka mwishoni mwa 2021. Wazee bado hutafuta zile zenye herufi JM kwenye mtutu, alama ya kiwanda cha zamani cha Connecticut, lakini hii mpya niliyoishika ilikuwa imekaza vizuri, haina pengo kati ya mbao na chuma. Mtutu wa inchi 19, magazini (bomba la risasi chini ya mtutu) ya risasi sita, na ncha ya mtutu ina nyuzi za kufungia kizuia sauti. Ningekuwa naishi kwenye dubu ningeichukua bila kufikiri.

Sasa, sheria ya Ohio inasema msimu wa kulungu usiwe na risasi zaidi ya tatu ndani ya bunduki, ukijumlisha ya kwenye chemba, yaani ile iliyo tayari kupigwa, na za kwenye magazini. Tatu tu! Basi magazini ya risasi sita nitaifanyia nini? Nikaacha kuhesabu risasi, nikaanza kuangalia kitu ambacho sijaona mtu akikizungumzia dukani: namna ya kuzitoa.

Sheria pia hairuhusu bunduki yenye risasi ndani ya gari. Na darasani tulifundishwa kwamba bunduki hupandishwa juu ya mti, pale mwindaji anapokaa kuvizia, kwa kamba ikiwa tupu. Hesabu mwenyewe: kupakia, kutoa, kupakia, kutoa, gizani, vidole vimekufa kwa baridi. Bunduki nyingi za wenzo huzitoi risasi ila kwa kuzipitisha zote kwenye chemba, moja baada ya nyingine, nyundo ikiwa imesimama. Ile ya kuazima nilikuwa naitoa hivyo. Jioni moja risasi ikaruka ikapotea kwenye majani makavu, nikapiga magoti nikiitafuta kwa tochi, na muda wote huo nikijiuliza kama nimehesabu sawasawa.

Ya tatu, Henry ya chuma yenye kijimlango ubavuni, inamaliza jambo hilo. Unapakia kupitia ubavuni kama Marlin, lakini bomba la ndani la magazini linachomoka mbele. Unalivuta, unainamisha, risasi zinateleza kiganjani kama karanga kutoka kwenye koni ya gazeti. Inabaki ya kwenye chemba, unaitoa kwa wenzo mara moja, unatazama, unagusa kwa kidole, umemaliza. Kwangu hilo peke yake lilitosha kufungua pochi.

Mtutu wake ni inchi 18.43, uzito kama kilo 3.2 bila darubini, na inabeba risasi nne. Kitako kina mpira. Haina kile kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole. Badala yake ndani yake kuna kipande cha chuma kinachosimama kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa, hivyo nyundo ikiwa chini haiwezi kuipiga risasi yenyewe. Wapo wanaotaka kitufe, nawaelewa. Mimi napenda kuiona nyundo kwa macho na kujua bunduki iko hali gani. Jina Henry linatokana na Benjamin Tyler Henry na bunduki yake ya 1860, ingawa kampuni hii ya sasa ilianza mwaka 1996 na haikurithi kiwanda chake.

Chuma chake ni cheusi, si cha pua, na chuma cheusi cha aina yoyote kinataka mafuta. Nikirudi kutoka kwenye mvua siifungii kwenye mfuko wake. Naifuta kwanza, naiacha ipate joto la nyumba, naifuta tena. Mke wangu ameshazoea kuikuta mezani, bomba limechomolewa, juu ya kanga kuukuu.

Risasi ndizo ninazotaka mzingatie kuliko hata bunduki. Siku hizi natumia zile za kawaida, kichwa cha greni 405, yaani kama gramu 26, kinachotoka kwa mwendo wa futi 1,330 kwa sekunde. Ni wa polepole ukilinganisha na risasi za kisasa. Bega linasukumwa, halipigwi. Ukiiweka sawa kwa yadi 100, ikifika yadi 200 imeshashuka zaidi ya nusu mita, kwa hiyo huko si mahali pake, na mimi huko sina shida nako. Kwa yadi 50 matundu yangu matatu nayafunika kwa mdomo wa glasi ya chai. Hornady wana ile LEVERevolution ya greni 325, yenye ncha ya plastiki laini, inayokimbia futi 2,050. Ncha ni laini kwa sababu kwenye magazini ya bomba risasi zinapangana mdomo kwa kitako, na ncha ngumu iliyochongoka inaweza kugonga fataki, yaani kiwashio cha kitakoni, ya iliyo mbele yake. Inafika mbali zaidi na inanyooka zaidi, ila teke lake ni jingine. Niliirusha mara tano, nikahisi jicho linaanza kukumbuka, nikaiweka chini.

Kuna neno utalisikia kila kaunta: eti risasi nene inapasua vichaka. Msilikubali. Kijiti hupotosha risasi yoyote, nene au nyembamba. Nikiona matawi mbele ya ubavu nasubiri. Unene unanipa kitu kingine: tundu la kuingilia na la kutokea, damu inayofuatika kwenye majani, na nyama isiyovia sana. Darubini yangu ni ndogo, inaanzia kukuza mara moja, na ndipo inapokaa siku nzima. Nimeifunga mbele kidogo ili isinifikie kwenye nyusi.

Misimu mitatu na Henry, kulungu watatu, risasi tatu. Wa karibu zaidi alikuwa hatua ishirini na mbili, wa mbali zaidi sitini. Kabla ya kuvuta natamka Bismillah, Allahu Akbar, na nikimkuta bado ana roho namchinja. Mmoja tu ndiye niliyemkuta hivyo, na alikuwa hajatembea hata hatua kumi kutoka pale aliposimama. Mguu wa nyuma wa yule wa mwaka jana tulioka mishkaki kwenye theluji, majirani Wakongo wakaleta pilipili.

Gharama si ndogo. Bunduki ilinitoka zaidi ya dola 1,000 na sanduku la risasi 20 zaidi ya dola 50, kwa hiyo mazoezi nayafanya risasi tano tano, sizidishi, na bega linashukuru. Mwenye bega bovu au anayeanza kabisa, atazame bunduki ya wenzo ya .44 Magnum. Ohio inaikubali, ni nyepesi kwa bega, na ndani ya yadi 100 kulungu haimshindi.

Kwa wenzangu wenye grinikadi: mnaruhusiwa kununua. Utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya mnunuzi wa bunduki, watakukagua hapohapo, na kitambulisho chako kiwe na anwani unayoishi sasa. Walio kwa viza ya muda sheria yao ni nyingine, ingawa leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya misamaha, basi waulize kabla ya kutia saini. Na siku ya kwenda dukani vaa lile koti nene utakalovaa msituni, hata kama ni Agosti na watu wanakushangaa. Omba bunduki, ihakikishe ni tupu, elekeza ukuta usio na mtu, fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Kama kilengeo hakiko mbele ya jicho, irudishe, omba nyingine.