Kisiwa cha Chumbe, Unguja: Kujifunza Bahari Kutoka kwa Waliowahi Kuvua

Anayetaka kuijua bahari yetu, wala si kuogelea tu na kurudi hotelini, ningemshauri aanzie Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa mji wa Zanzibar, ambacho miamba yake ya upande wa magharibi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994.

Wageni hupokelewa katika magofu ya nyumba ya mtunza mnara wa taa, mnara ambao ulijengwa mwaka 1904 na ungali umesimama. Magofu hayo yameezekwa paa kubwa la makuti na kufanywa kituo cha maelezo. Maonyesho ni machache, na msomaji wa haraka huyamaliza upesi. Kwa maoni yangu, thamani ya Chumbe iko kwa walinzi wa hifadhi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi katika vijiji vya jirani. Hawabebi silaha, kazi yao kubwa ni kuzungumza na wavuvi wanaoukaribia mpaka na kuweka kumbukumbu za yale wanayoyaona baharini. Mtu aliyewahi kutega dema anapoeleza kwamba samaki wanaokulia ndani ya hifadhi hutoka na kuvuliwa nje yake, maneno yake yana uzito ambao bango haliwezi kuwa nao.

Maji yalipokupwa, kiongozi wetu alichutama kando ya dimbwi na kutuonyesha jongoo bahari aliyelala mchangani, akaeleza jinsi anavyomeza mchanga, akala uchafu uliomo, kisha akautoa ukiwa safi. Hakumgusa, na alituomba nasi tusimguse. Baadaye alizungumzia matumbawe, na hapo ndipo niliposikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiyaona kama mawe ya kujengea tu. Alieleza kwamba fungu moja la matumbawe ni maelfu ya wanyama wadogo, ambao ndani ya miili yao huishi vimea vidogo mno vinavyowapa chakula na rangi. Joto la bahari linapozidi, vimea hivyo hutoka, na matumbawe hubaki meupe na kudhoofika, kama ilivyotokea mwaka 1998.

Ni vyema kuulizia majira ya maji kabla ya kupanga siku, maana wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno, sehemu kubwa ya mwamba wa pwani huachwa wazi, na matembezi ya mwambani huwa na mengi ya kuona. Viatu vyenye soli ngumu ni vya lazima. Atakayefuata muziki na pilikapilika za ufukweni hatavipata hapa.

Gharama si ndogo kwa familia ya kawaida. Hata hivyo, fedha za wageni ndizo zinazosaidia kuwapeleka wanafunzi wa Zanzibar kisiwani, wengi wao wakivaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza, na mimi nimelipa kwa moyo mkunjufu. Walimu wa Unguja ambao bado hawajaomba nafasi kwa shule zao nawasihi waombe mapema.